Mgeni wa Kila Wiki

Ndani ya sanduku la bati la mama yangu, chini ya kanga za harusi, zimo kadi za kliniki za watoto wake wote wanne. Yangu ni safi, mstari unapanda ndani ya rangi ya kijani bila matata. Ya mdogo wetu wa mwisho ni hadithi nyingine. Nukta zinaanza kwenye kijani, zinateremka kwenye kijivu, halafu zinazama kwenye nyekundu, na pale kwenye nyekundu kalamu ilibonyezwa kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka. Mama anaikumbuka siku ile. Aliulizwa mbele ya foleni nzima: "Mtoto kakonda hivi, wewe unampa nini?" Akajibu kwa sauti ya chini kwamba anampa uji. Akaambiwa aongeze karanga na maziwa, arudi mwezi ujao. Mwezi ujao hakurudi. Alirudi baada ya miezi mitatu, tena kwa kusukumwa na bibi.

Hakuna aliyekuja nyumbani kuuliza kulikoni.

Nimeanzia kwetu kwa sababu historia ninayotaka kuisimulia ni ya mlangoni. Nani hubisha hodi kwa maskini mwenye mtoto mchanga? Anakuja na nini mkononi, na akiondoka anaacha nini? Sisi vijana tunaoandika tumezoea kudhani kwamba historia hutendeka ikulu, vitani na kwenye mikutano ya hadhara. Mimi nilifikiri hivyo hivyo, mpaka niliposoma habari za wanawake fulani wa Kingston, Jamaika, ambao kwa miaka miwili walipita uchochoroni na mifuko ya machupa matupu, na mpaka leo wasomi wa uchumi bado wanapiga hesabu ya kile walichokifanya.

Lakini kabla ya Kingston kulikuwa na wageni wa namna nyingine, na ni lazima tuwatazame japo kwa haraka, maana harufu yao bado ipo kwenye foleni zetu za kliniki.

Mwaka 1862, mjini Manchester, Uingereza, mabibi wenye uwezo waliunda chama cha kuleta usafi katika mitaa ya wafanyakazi wa viwanda. Baadaye wakaajiri wanawake wa mitaa ile ile wapite nyumba kwa nyumba kufundisha akina mama kuosha watoto, kupitisha hewa vyumbani na kupika. Hapo ndipo wengi huanzia wakisimulia kazi ya mgeni wa afya wa Kiingereza. Nia ilikuwa njema, hilo silikatai. Watoto walikuwa wanakufa kwa kuhara kila kiangazi. Ila ukitazama vizuri utaona kwamba mgeni yule alikuja na sabuni mkono mmoja na hukumu mkono wa pili. Moshi wa kiwanda haukuulizwa kitu, wala mwenye nyumba aliyekodisha pango lisilo na dirisha. Aliyeulizwa ni mama.

Halafu ikaja vita. Kati ya 1899 na 1902 Uingereza ilipigana na Makaburu kule Afrika Kusini, na vijana waliojitokeza kujiandikisha jeshini walikuwa wafupi, wamedhoofu, meno yameoza, wengi wakarudishwa. Serikali ikashtuka. Mwaka 1904 kamati maalumu ikatoa taarifa kuhusu udhaifu wa miili ya Waingereza, na ghafla mtoto wa maskini akawa mtu wa maana, kwa sababu alikuwa askari wa kesho. Mwaka huo huo Benjamin Broadbent alishika umeya wa Huddersfield, mji wa viwanda vya sufu, akatoa ahadi ambayo nikiisoma hucheka kidogo: kila mtoto atakayezaliwa mtaa wa Longwood wakati wa umeya wake atapewa pauni moja akitimiza mwaka mmoja akiwa hai. Pauni moja kwa kutokufa! Wageni wakatumwa majumbani kuhakikisha. Mwaka 1907 ikapitishwa sheria ya kutoa taarifa za uzazi mapema, ili mgeni ajue mlango wa kugonga kabla kitoto hakijapotea.

Kwetu huku mgeni wa serikali alikuja kwa jina la Bwana Afya. Wazee wetu wanamjua. Kofia, daftari, baiskeli. Alikagua choo, alichungulia mtungi wa maji, na ukikutwa na kosa ulipigwa faini. Nchini Kenya, mwaka 1952, wakati wa Hali ya Hatari, ndipo vilipoanza vikundi vya Maendeleo ya Wanawake chini ya serikali ya kikoloni. Viliwafundisha akina mama kushona, kupika na kulea, na wakati huo huo vilitumika kuwavuta wanawake wasiwasaidie wapiganaji wa msituni. Huwezi kutenganisha somo la uji na somo la utiifu. Kwa hiyo mtu wa kwetu akisikia kwamba "wataalamu watatembelea nyumba", kitu cha kwanza anachofanya ni kufagia uwanja na kuficha baadhi ya mambo. Ndivyo historia ilivyotufundisha.

Sasa twende Jamaika.

Wengi wetu tunaijua Kingston kwa njia ya reggae, na si vibaya, ni njia nzuri ya kuujua mji. Ukisikiliza unapata picha ya yadi: vyumba vimezunguka uwanja mmoja, bomba moja, choo kimoja, majirani wanajua nani kapika nini. Aliyekulia Manzese au Majengo hahitaji kuonyeshwa ramani. Upande mwingine wa mji, eneo la Mona, kipo Chuo Kikuu cha West Indies, na toka miaka ya 1950 kilikuwa na kitengo cha utafiti kilichoanzishwa na daktari John Waterlow kuchunguza utapiamlo wa watoto. Kitengo hicho kilijifunza namna ya kumwokoa mtoto aliyekwisha kabisa kwa njaa: maji kiasi gani, maziwa ya namna gani, kwa mpangilio gani. Watoto wakawa wanapona. Mashavu yanarudi, uvimbe unashuka, mama anapewa mtoto wake, kwa heri.

Lakini daktari mmoja mwanamke, Sally Grantham-McGregor, Mwingereza aliyefanya kazi huko kwa miaka mingi, hakuridhika. Mwili ulikuwa umepona. Mtoto mwenyewe alikuwa bado nyuma. Alichelewa kusema, alichelewa kuelewa, hakuchangamka kama wenzake. Miaka ya 1970 yeye na wenzake wakajaribu jambo ambalo kwa wakati ule lilionekana kama mchezo wa kitoto, na kwa kweli ulikuwa mchezo wa kitoto. Watoto waliolazwa kwa utapiamlo mkali wakachezeshwa wodini kila siku, na walipotoka, mgeni akawafuata nyumbani kwao kwa miaka mitatu akiendelea kucheza nao na kumwonyesha mama namna ya kucheza nao. Walipopimwa miaka mingi baadaye, wakiwa tayari vijana wadogo, waliochezeshwa walikuwa bado wanawazidi akili wale waliotibiwa tu.

Hilo lilikuwa jaribio dogo. Lililofuata ndilo lililoandikwa vitabuni.

Mwaka 1986 na 1987 watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika mitaa maskini ya Kingston wakipima urefu wa watoto wa miezi 9 hadi 24. Walikuwa wanatafuta waliodumaa, yaani wale ambao ni wafupi mno kwa umri wao, dalili kwamba chakula kimekuwa haba kwa muda mrefu. Wakapata 129. Wakawagawa mafungu manne kwa bahati nasibu, kama unavyogawa karata. Fungu la kwanza lilipewa maziwa: kilo moja ya unga wa maziwa ya watoto kila wiki. Fungu la pili lilipewa mgeni wa kuja kucheza, saa moja kila wiki. Fungu la tatu lilipewa vyote viwili. Fungu la nne halikupewa maziwa wala mgeni wa kucheza. Wote walipata matibabu ya bure. Kazi ikaendelea kwa miaka miwili.

Ngoja kwanza niseme jambo kuhusu maziwa, maana lina uchungu na ucheshi wake. Watafiti walijua fika kwamba kwenye nyumba yenye njaa kopo la maziwa halina mwenyewe. Kaka mkubwa atachota, bibi ataungia chai, jirani atakuja na kikombe. Kwa hiyo wakaongeza kifurushi cha unga wa mahindi na maziwa kwa ajili ya familia nzima, ili kopo la mtoto lisalimike. Nilipoisoma sehemu hiyo nilicheka peke yangu. Hatimaye, mtaalamu aliyejua nyumba ni nini!

Tumrudie mgeni. Nani alikwenda? Si daktari, si mwalimu wa chuo. Walikwenda wasaidizi wa afya wa mitaani, wanawake ambao serikali ya Jamaika ilikuwa imewaajiri kwa wingi toka miaka ya 1970. Elimu yao ilikuwa ya msingi, na wengine sekondari kidogo. Walipewa mafunzo ya ziada ya namna ya kucheza na mtoto kufuatana na umri wake, wakapewa mpango wa kila wiki, basi.

Na mfukoni walibeba nini? Machupa ya plastiki yaliyotiwa vitu vidogo vinavyolia, yakawa manyanga. Vizibo vya kutunga kwenye kamba. Maboksi yaliyogeuzwa magari. Wanasesere wa vitambaa. Vitabu vya picha vilivyotengenezwa kwa mkono. Vipande vya mbao vya kupanga na kubomoa. Hakuna kilichonunuliwa dukani kwa bei ya kumtisha mtu. Sisi tuliotengeneza vigari kwa makopo ya mafuta na magurudumu ya ndala zilizokatika tunaijua karakana hiyo, tofauti ni kwamba sisi hatukuandikwa kwenye jarida.

Saa moja ilikwenda hivi. Mgeni anaketi pale pale mtoto alipo, chini kama ni chini. Anasikiliza kwanza habari za nyumbani. Anatoa chupa, anaitikisa, anaiita jina. Anaificha nyuma ya boksi, anamwacha mtoto aitafute. Anataja kubwa na ndogo, juu na chini, ndani na nje. Wanaimba. Kisha, na hapa ndipo penye siri yote, anamkabidhi mama. Mama anajaribu, mgeni anamsifu mbele ya mwanawe: umefanya vizuri, umemwona alivyocheka? Akiondoka anaacha kitu cha kuchezea, na wiki inayofuata anakichukua na kuleta kingine. Lengo halikuwa mtoto acheze na mgeni saa moja. Lengo lilikuwa mama aendelee siku sita zilizobaki, akiosha vyombo, akimwogesha mtoto, akienda naye dukani.

Msomaji, hebu uweke ukurasa huu kando ya kadi ya mdogo wangu yenye tundu. Kule Kingston pia kulikuwa na mama maskini mwenye mtoto aliyedumaa. Mgeni aliyebisha hodi hakuuliza "unampa nini?" Aliketi chini akatikisa chupa, halafu akamsifu mama. Kutoka kwa mabibi wa Manchester mpaka hapo imepita miaka zaidi ya mia na ishirini, na mimi naona hayo ndiyo mapinduzi, ingawa hakuna aliyeyaita hivyo.

Matokeo ya miaka miwili yalichapishwa mwaka 1991 katika jarida la madaktari la The Lancet, na Grantham-McGregor pamoja na wenzake Christine Powell, Susan Walker na John Himes. Maziwa yalisaidia akili za watoto. Michezo ilisaidia. Waliopata vyote viwili walisogea zaidi ya wote, wakakaribia kuwafikia watoto 32 wa mitaa ile ile ambao hawakudumaa na waliwekwa kando kwa ajili ya kulinganisha.

Ingeishia hapo ingekuwa taarifa nzuri ya kuwekwa kabatini. Ila watafiti hawa walikuwa wabishi. Wakawafuata watoto wale wale wakiwa na miaka 7 na 8, kisha 11 na 12, kisha 17 na 18. Na hapo likajitokeza jambo ambalo hakuna aliyelitarajia sawasawa. Kadiri miaka ilivyokwenda faida ya maziwa ilififia, hata mwishowe haikuonekana tena. Faida ya michezo ikabaki. Wakiwa na miaka 17 na 18, waliochezeshwa walikuwa na alama bora za akili na za kusoma, wachache zaidi walikuwa wameacha shule, na walikuwa na wasiwasi na huzuni kidogo kuliko wenzao.

Sisemi maziwa hayana maana. Mtoto mwenye njaa apewe chakula, hilo halina mjadala, na anayetumia utafiti huu kuwanyima watoto maziwa hajausoma. Ninachosema ni kwamba mtu aliyekaa chini na chupa tupu aliacha kitu ambacho hakikuisha kopo lilipoisha.

Walipofika miaka 22, watafiti walifanikiwa kuwapata 105 kati ya 129. Wengine walikuwa wamehamia Marekani, Kanada na Uingereza. Wakafuatwa huko huko. Safari hii timu ilikuwa na wanauchumi, akiwamo James Heckman aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel mwaka 2000, na mwaka 2014 Paul Gertler na wenzake wakachapisha hesabu katika jarida la Science: waliochezeshwa walikuwa wanapata kipato cha asilimia 25 zaidi ya wenzao, na wamewafikia wale ambao hawakudumaa. Walipofika miaka 31 wakatafutwa tena, tofauti ikawa asilimia 37. Utaona mambo ya dunia yalivyo. Mtoto alipocheka, jarida la madaktari lilitosha. Alipoanza kupokea mshahara, ndipo mabenki na mawaziri wa fedha wakaanza kusikiliza.

Lipo jambo linalonisumbua, na sitalificha kwa sababu eti makala iwe tamu. Ni lile fungu la nne. Watoto waliodumaa kama wenzao, wakapimwa kama wenzao, na bahati nasibu ikawaangukia wasipate maziwa wala mgeni. Bila wao tusingejua lolote. Ndio kipimo cha kila asilimia niliyoitaja hapo juu. Ukisema "asilimia 25 zaidi", hiyo "zaidi" imetoka kwao na kwa wale waliopewa maziwa tu. Nao wamekua, ni watu wazima, wametafutwa mara kwa mara na watu wenye karatasi za maswali. Mshikaji wangu mmoja, tukibishana kijiweni, aliniambia kwamba hata bila utafiti wasingepata kitu, kwa hiyo hawakunyimwa. Ni kweli. Sijui kwa nini ukweli huo haunitulizi.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1980, kwetu Tanzania, kulikuwa na kazi nyingine kubwa, na nitakuwa sina adabu nikiivuka. Mkoani Iringa, kuanzia mwaka 1983, serikali pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia, walianzisha mradi wa lishe katika vijiji 168. Siku ya kupima uzito iligeuzwa siku ya kijiji. Watoto wananing'inizwa kwenye mzani, majina yanasomwa, na kamati ya kijiji inakaa hapo hapo kuuliza: huyu aliyeshuka, kulikoni? Wahudumu wa afya waliochaguliwa na wanakijiji wenyewe wakafuatilia hadi majumbani. Jibu mara nyingi halikuwa kwamba mama hajui. Mama alikuwa shambani toka alfajiri, kuni mbali, maji mbali, mtoto analishwa mara mbili kwa siku, na tumbo la mtoto ni dogo. Ndipo zikaja hatua za kupunguza mzigo wa akina mama, vituo vya kulelea watoto mchana, na kuhimiza kimea, ule unga wa nafaka iliyooteshwa ambao bibi zetu waliujua kwa kazi nyingine za furaha! Kimea kinalainisha uji mzito, mtoto anakunywa uji wenye nguvu bila kuhangaika kutafuna. Kati ya 1984 na 1988 utapiamlo mkali katika vijiji hivyo ulishuka kutoka asilimia 6.3 hadi 1.8. Si mchezo.

Iringa walipima uzito. Kingston walipima neno la mtoto. Iringa waliuliza muda wa mama umekwenda wapi. Kingston walimletea mama mwenzake wa saa moja. Natamani wangekutana.

Baadaye mfuko wa machupa ulisafiri. Watu wa Kingston waliandika mwongozo wao ili wengine wautumie, na michezo ile ikatafsiriwa kwa lugha na nyimbo nyingine, Bangladesh, Peru, Kolombia. Peru tangu 2012 serikali yenyewe ilituma wageni vijijini. Kolombia walijaribu kwa watoto 1,420, wakitumia akina mama wa mitaani kama wageni, na baada ya miezi 18 akili za watoto zilikuwa zimesogea. Lakini walipopimwa tena miaka miwili baada ya ziara kukoma, faida haikuonekana. Hapo wenye haraka wakanyamaza. Watoto 129 wa mji mmoja hawawezi kubeba dunia nzima mgongoni, na mradi wa maelfu hauendeshwi kama mradi ambao msimamizi anamjua kila mgeni na kila nyumba. Nasi mwaka 2021 Tanzania Bara ilizindua programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, na ndani yake neno "uchangamshi" limo. Swali langu kwa neno hilo ni la kizamani: nani atabeba mfuko, na atalipwa?

Maana hapo ndipo historia hii inaponikera mimi kama mtu anayejifunza kuandika. Majina ya maprofesa nimeyataja, na wanastahili. Majina ya wanawake waliokwenda kila wiki, juani, kwenye yadi ambazo wakati mwingine risasi zilikuwa zikilia, hayako kwenye vichwa vya habari. Wameandikwa kwa pamoja, "wasaidizi wa afya", kama unavyoandika "vifaa". Mimi ningependa kusoma daftari la mmoja wao. Jinsi mtoto fulani alivyokataa kumrudishia kigari cha boksi, akalia mpaka yadi nzima ikatoka. Mama gani alikuwa anajificha ndani mwezi wa kwanza, akijua ni ukaguzi, na siku gani alitoka mwenyewe kumpokea mgeni mlangoni. Hayo nayabuni, najua. Lakini mnaoandika hadithi fupi mkitafuta visa, kisa hicho hapo, kinasubiri.

Nilipomaliza kusoma nilimsimulia mama habari zote hizi. Alikuwa anachambua mchele. Nilimweleza chupa, vizibo, nyimbo, asilimia. Alisikiliza bila kuinua kichwa, na nilipofika mwisho nikitegemea ashangae, aliuliza: "Huyo mwanamke, kazi yake ilikuwa hiyo tu? Kukaa na kucheza na mtoto?"

Nikasema, kwa saa hiyo moja, ndiyo, kazi yake ilikuwa hiyo.

"Na analipwa?"

Nikasema analipwa.

Akarusha mchele juu ya ungo, akapuliza pumba. "Mimi nilikuwa naamka saa kumi kukanda maandazi," akasema. "Nikirudi kuuza, mtoto kalala. Kucheza najua. Wewe nani alikufundisha kuhesabu kwa kokwa za ubuyu?"

Mdogo wangu, yule wa kadi yenye tundu, alikuwa amekaa mlangoni anafunga kamba za viatu. Akatuambia tumpishe, amechelewa.